Pumzi na Hulka katika Inanga ya Kunong'ona ya Burundi

Ni rahisi kuisoma pumzi ya mwimbaji anayenong'ona juu ya inanga kuwa kioo cha hulka yake: mpole, msiri, mwenye staha. Kiswahili chenyewe hutushawishi, kwani nafsi ina mzizi mmoja na nafas, pumzi kwa Kiarabu. Usomaji huo haukubaliki. Katika mnong'ono nyuzi sauti hazitetemi, hivyo hakuna kidatu. Melodia ambayo msikilizaji wa Gasenyi hudhani inatoka kinywani hutoka kwenye ala, jambo alilolichambua Cornelia Fales mwaka 2002. Upole ule, basi, ni ufundi, tena mgumu. Anayeirekodi sanaa hii kwa hifadhi ya taifa asitenganishe kinywa na ala: mnong'ono ukibaki peke yake, wimbo haupo.