Sarafu Yenye Ndimi Mbili: Nani Anaongea na Nani?

Tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Leo nahakiki sarafu. Bibi yangu wa Kalenga, Iringa, anayo pesa ya shaba aliyoirithi kwa mama yake. Upande mmoja kuna tai, jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa Kijerumani, na mwaka 1890. Upande wa pili kuna maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307 wa Hijria.

Nilipomwonyesha mwanafunzi mwenzangu hapa Mbeya, alishangilia: "Ona, tamaduni mbili zimekutana!" Hapo ndipo tunapotofautiana.

Hebu tulinganishe. Katika karne ya 2 K.K. mfalme Mgiriki Agathocles alitawala Bactria. Sarafu zake zilizofukuliwa Ai-Khanoum, Afghanistan, mwaka 1970 zina Kigiriki upande mmoja na hati ya Brahmi upande mwingine. Lakini miungu ni ya Kihindi pande zote: Balarama ana jembe, Krishna ana gurudumu. Ni siasa, sikatai. Hata hivyo mtawala mgeni kaweka jina lake kando ya mungu anayeabudiwa na mwenyeji.

Pesa yetu je? Kimaudhui, Kiarabu kile hakimtaji Mungu wala sultani. Kinataja kampuni ya Wajerumani, basi. Ujumbe ni ule ule mara mbili. Kifani, Hijria imewekwa ili mfanyabiashara wa pwani aipokee bila wasiwasi. Imani ya watu imegeuzwa kuwa tarehe tu.

Na sisi wa Nyanda za Juu? Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilishinda jeshi la Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilitekwa, na 1898 Mkwawa akajiua. Kodi ya nyumba iliyotangazwa 1897 ikawasukuma watu kuitafuta fedha ya mgeni. Kwa wengi wao hakuna upande uliosomeka, isipokuwa picha. Bibi nilipomwuliza anaona nini pale, alijibu bila kusita: "Mwewe. Anachukua vifaranga."

Kwa hiyo ndimi mbili sio usawa. Tunaposifu kazi yoyote kwa kuchanganya lugha, tuulize kwanza nani anaongea na nani, na nani kaachwa nje. Aliyeachwa naye husoma, tena husoma vizuri. Mwenye hoja tofauti anikosoe.