Hoja ya Udugu: Balagha katika "Maisha" ya Tippu Tip na Funzo Lake kwa Wanafunzi wa Ulumbi na Utangazaji

1.0 Utangulizi

Makala haya yanazungumzia tatizo ambalo mwalimu wa balagha katika vyuo vya mashariki mwa Kongo hukutana nalo mapema. Somo hilo hufundishwa kwa Kifaransa, kwa mifano ya Ugiriki, Roma na Ufaransa. Mwanafunzi akishahitimu, huenda kusema kwa Kiswahili: shuleni, mkutanoni, kanisani au msikitini, na zaidi ya yote redioni. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mgawanyo huo una matokeo yake darasani: mwanafunzi anazo istilahi za ushawishi katika lugha moja, na hadhira ya kushawishi katika lugha nyingine.

Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu hapa Kasongo zoezi la kuandaa hotuba moja mara mbili, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Mada ilikuwa usafi wa visima, na hadhira ya kuwaziwa ilikuwa akina mama wa sokoni. Mwanafunzi mmoja alitoa kwa Kifaransa hotuba iliyopangika vizuri: utangulizi, sababu tatu, hitimisho. Zamu ya Kiswahili ilipofika aliiweka karatasi kando. Alianza kwa kusema kwamba yeye si mgeni mahali hapo, kwamba mama wa mama yake alizaliwa ng'ambo ya mto, na kwamba anaposema na akina mama hao anasema na damu yake. Darasa zima lilipiga makofi. Tulipomwuliza kama habari ya bibi yake ni ya kweli, alicheka na kujibu kwamba si ya kweli, ila bila hiyo wasingemsikiliza.

Tulikosa la kumjibu. Vitabu tulivyokuwa tukivitumia havikuwa na sura juu ya hoja ya namna hiyo, wala juu ya hatari yake. Dai letu katika makala haya ni kwamba sura hiyo imekwisha kuandikwa, tena kwa Kiswahili, na mtu aliyewahi kuutawala mji huu. Kitabu chenyewe ni "Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip".

2.0 Matini na wasomaji wake

Tippu Tip aliandika habari zake akiwa mzee, Unguja, alikofariki mwaka 1905. Aliandika kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu. Heinrich Brode aliyahamishia maandishi hayo katika hati ya Kirumi na kuyachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani, mnamo 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa, Brussels, mwaka 1974. Hivyo kitabu hiki, ambacho huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili, kimepata wahariri wa kutosha.

Hata hivyo, wasomaji wake wamekuwa hasa wa aina mbili. Wanahistoria wamekichimba kutafuta njia za misafara, majina ya machifu na kiasi cha pembe. Wanaisimu wamekitumia kama kielelezo cha nathari ya Kiswahili ya karne ya 19. Wote wawili wamefaidika, lakini ni wachache waliokisoma kwa kuuliza swali la mhakiki wa balagha: katika kitabu hiki, nani anamshawishi nani, kwa maneno gani, na kwa faida ya nani?

Swali hilo linakifaa kitabu hiki kwa sababu fani yake yenyewe ni ya mazungumzo. Sentensi ni fupi. Matukio husogezwa na kauli: nikamwambia, akanijibu, wakasema. Vita vimo, lakini mara nyingi kabla ya vita kuna shauri, na baada ya vita kuna shauri jingine. Msimulizi hujisifu kwa ushujaa, na hujisifu vilevile kwa werevu wa ulimi.

3.0 Hoja yenyewe

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Utetera, nchi ya Watetela, upande wa magharibi wa mto Lomami. Tukio hili ni la mwanzoni mwa miaka ya 1870, kabla Tippu Tip hajajijenga Kasongo. Msomaji asichanganye majina: Kasongo Rushie anayetajwa hapa ni mtawala wa Utetera, si mji wetu.

Kwa ufupi, Tippu Tip anapata habari kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mtawala huyo walitekwa vitani na kupelekwa Urua. Anaichukua habari hiyo na kujiweka ndani yake. Anaeleza kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, alifika Urua, akamnunua mmoja wa wanawake hao, na kwamba kutokana naye alizaliwa mama yake Tippu Tip. Kwa hiyo yeye mwenyewe ni mjukuu wa ukoo wa Utetera aliyerejea nyumbani. Kasongo Rushie, ambaye ni mzee, anaikubali habari hiyo, anampokea kama ndugu na kumwachia utawala. Pamoja na utawala inakuja haki ya pembe za ndovu.

Tukiichambua hoja hii kwa vyombo vya Aristotle, tunaona jambo la kuvutia. Mwanafalsafa huyo alitofautisha ithibati za aina mbili. Zipo zinazoundwa na msemaji kwa ustadi wake, yaani tabia anayoionyesha, hisia anazoziamsha na mantiki anayoijenga. Zipo pia ambazo msemaji huzikuta tayari, kama vile mashahidi, mikataba na viapo. Nasaba, kwa kawaida, ingekuwa katika kundi la pili: mtu ama ni ndugu ama si ndugu. Tippu Tip ameiunda kwa ustadi, kisha akaiwasilisha kana kwamba ameikuta. Hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja ya udugu. Ni sanaa iliyovaa joho la ushahidi.

Tuangalie inavyoundwa. Kwanza, msemaji anaichunguza hadhira yake kabla ya kufungua kinywa. Majina na matukio anayoyatumia yametoka kwa watu wa huko wenyewe, na ndiyo maana wanapoyasikia tena kutoka kwake wanayaona ni ya kweli. Pili, shahidi mkuu, yaani bibi, hayupo, na hawezi kuitwa aulizwe. Tatu, hoja inamtia msikilizaji katika aibu: kuikataa ni kumkana dada aliyetekwa, na ni mtawala gani atakayesimama mbele ya watu wake akafanya hivyo?

Nne, na hili lisisahauliwe, nyuma ya maneno kuna bunduki. Jina lenyewe la Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, latokana na mlio wa bunduki zake. Je, Kasongo Rushie alishawishika, aliogopa, au aliona faida kuwa na ndugu mwenye silaha? Matini haitupi sauti yake nje ya masimulizi ya mshindi. Mhakiki hana budi kuliacha swali hilo wazi, kwa maana kulifunga ni kumwamini msimulizi kama alivyoaminiwa Utetera.

4.0 Kinachonyamazishwa

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kutenganisha fani na maudhui, kisha kuyaunganisha. Hapa uunganisho ni wa kusikitisha. Hoja nzima imejengwa juu ya mwanamke aliyetekwa na kununuliwa, na mwanamke huyo hasemi hata neno moja. Utumwa wake ndio unaotoa cheti cha nasaba. Kama hakuuzwa, hakuna bibi. Kama hakuna bibi, hakuna mjukuu. Kama hakuna mjukuu, hakuna utawala. Mfanyabiashara aliyejitajirisha kwa pembe na watumwa anapewa nchi kwa kuwa, asemavyo, yeye ni uzao wa mtumwa.

Msimulizi haoni kinyume hicho, au anakiona na kukipita. Pembe zinapimwa kwa frasila. Watu waliozibeba hawana majina. Sisi tunaosoma Kasongo hatuwezi kupita kirahisi hivyo. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wake, na ulitekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Miongoni mwa wakaaji wake wamo wenye asili ya waliokuja na misafara, na wenye asili ya waliofungwa katika misafara hiyo, na mara nyingi ni ukoo mmoja. Hata jina Kingwana, ambalo Kiswahili chetu kimeitwa kwa muda mrefu, linatokana na waungwana, yaani watu huru. Wengi waliojiita hivyo walikuwa wafuasi wa mabwana wa misafara, na baadhi yao walikuwa wametekwa utotoni. Kujipa jina la uungwana kulikuwa pia ni balagha, lakini balagha ya mnyonge anayetafuta heshima. Si sawa na ile ya mwenye nguvu anayetafuta pembe. Mwanafunzi anapaswa kujifunza kuzipambanua mbili hizi.

5.0 Kutoka kwa mtawala hadi kwenye maikrofoni

Huenda msomaji akauliza haya yanahusu nini utangazaji wa leo. Yanahusu moja kwa moja. Anayesikiliza hotuba za kampeni katika eneo letu tangu uchaguzi wa 2006 ataitambua hoja ya udugu. Mgombea aliyekaa miaka mingi Kinshasa anarudi na kuanza kwa jina la kijiji cha mama yake. Anajiita mtoto wa nyumbani. Barabara na hospitali vinakuja baadaye, kama vinakuja. Redio huipokea kauli hiyo na kuifikisha hadi vijiji ambavyo mgombea hatavikanyaga, na huko inasikika bila uso, bila umati, na bila mzee wa kusimama na kuuliza: mama yako nani?

Hapo ndipo redio inapotofautiana na baraza. Barazani, hoja ya udugu ina mlinzi wake, kwa kuwa wamo wanaozijua koo na wanaweza kupinga. Studioni mlinzi huyo ni mtangazaji peke yake. Redio moja ya jamii hapa Kasongo ilijichagulia jina la Sauti ya Mkaaji. Jina hilo ni zuri, na lina wajibu ndani yake: sauti ya mkaaji si kauli zinazomwendea mkaaji tu, bali pia ni maswali yanayotoka kwake.

Tena hoja ya udugu ina upande wa pili. Anayeweza kusema "huyu ni damu yetu" anaweza kusema "yule si damu yetu". Jirani yetu Rwanda, kituo cha RTLM kilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka uliofuata kilihimiza mauaji ya kimbari. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake. Katika nchi ambamo maneno mwenyeji na mgeni yameshamwaga damu, mtangazaji asiyejua jinsi hoja hizi zinavyoundwa ameshika moto bila kujua ni moto.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba kukifundisha kitabu hiki ni kumtukuza mfanyabiashara ya utumwa. Tunaona kinyume chake. Anayemtukuza ni yule anayezisimulia hila zake kama hadithi ya kuchekesha. Kuichambua hila ni kuivua nguvu.

Pingamizi la pili ni la kiisimu: Kiswahili cha Tippu Tip ni cha Unguja, si cha Maniema. Ni kweli, na tofauti hizo zifundishwe. Lakini hoja haina lahaja. Mwanafunzi wetu wa zoezi la visima aliijenga kwa Kiswahili cha Kasongo ile ile iliyojengwa Utetera kwa Kiswahili cha Unguja, na hakuwahi kukisoma kitabu hicho.

7.0 Hitimisho

Hatupendekezi Aristotle aondolewe darasani. Tumemtumia katika makala haya na amefaa. Tunachopendekeza ni kwamba sehemu ya Utetera isomwe kwa Kiswahili katika somo la balagha, na kwamba kila mwanafunzi anayejiandaa kwa kazi ya redio ailinganishe na hotuba moja aliyoirekodi mwenyewe. Maswali ya kuongoza yatoshe manne. Msemaji amezipata wapi habari za hadhira yake? Shahidi wake anaweza kuulizwa? Msikilizaji akikataa, atapata aibu gani? Na nyuma ya maneno kuna nguvu gani isiyotajwa?

Yule mwanafunzi aliyetuacha bila jibu alisema bila bibi wa kubuni wasingemsikiliza. Sasa tungemjibu hivi: visima vilikuwa vichafu kweli, na akina mama waliokuwa wakiteka maji humo walijua. Hoja ya kweli alikuwa nayo mkononi. Kazi yetu sisi walimu ilikuwa kumfundisha kuisema kwa Kiswahili kwa nguvu ile ile aliyoitumia kusema uongo, na kazi hiyo hatukuwa tumeifanya.