Seva Bandia, Seva Dhahania au Seva Pepe?

Makala haya yanahakiki majina matatu ambayo mfasiri hujikuta nayo anapoeleza mbinu ya kuendesha seva nyingi ndani ya mashine moja, ili kupunguza gharama za umeme na za kupoza vyumba vya kompyuta.

Tuanze na dhana yenyewe. Mwaka 2007 wataalamu Barroso na Hölzle walieleza kwamba seva nyingi hufanya kazi, kwa muda mrefu, kati ya asilimia 10 na 50 tu ya uwezo wake. Na kwamba hata seva iliyoundwa kwa uangalifu hula takriban nusu ya umeme wake wa juu inapokuwa karibu haina kazi. Umeme huo hugeuka joto, na joto halina budi kuondolewa kwa umeme mwingine. Dawa yake ni programu simamizi, ambayo huigawa mashine moja iwe kama mashine kadhaa, kila moja na mfumo wake wa uendeshaji. Mbinu hii si ngeni: kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972.

Tuchukue mfano. Ofisi ina seva 10, kila moja ikila wati 250: jumla wati 2,500. Kazi zote zikihamishiwa katika mashine 2 za wati 400 kila moja, zitabaki wati 800. Wati 1,700 zinazookolewa ni takriban uniti 14,900 kwa mwaka, mbali na umeme wa kupoza.

Sasa tuyapime majina. Bandia hutumika kwa meno, ambayo hutafuna. Lakini hutumika pia kwa noti, na mhasibu akisoma “seva bandia” katika ombi la fedha ataikumbuka noti kabla ya meno. Dhahania ni neno la mwalimu wa sarufi: upendo na uhodari ni nomino dhahania, havina mwili wala havili umeme. Pepe limezoeleka katika barua pepe. Hata hivyo, kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini.

Kosa la majina haya ni moja: yote humwambia msomaji kwamba kitu hakipo. Asiye na mwili hana gharama. Basi afisa huagiza seva moja baada ya nyingine, mpaka mashine zinaelemewa na nyingine zinanunuliwa. Au mashine za zamani huachwa zikiwaka, kwa kuwa hakuna neno lililomkumbusha kwamba kuna aliyehama.

Tunapendekeza seva mpangaji, ikae ndani ya mashine mwenyeji. Nomino hizo zikae pamoja kama katika bata mzinga. Wapangaji wa nyumba moja kila mmoja ana mlango wake, lakini wote huchangia mita moja ya umeme. Aliyehamia huzima taa alikotoka. Na nyumba ikiungua, wote hukosa pa kulala. Ndiyo maana katika mfano wetu tuliweka mashine 2, si 1.

Istilahi njema humfundisha mtumiaji hesabu kabla hajaletewa ankara. Wafasiri na walimu wanaombwa kuijaribu hii katika kazi zao, na kuisahihisha pale itakapopungua.