Gitaa la Solo la Mbaraka Mwinshehe

Morogoro ya miaka ya sitini ilikuwa na bendi mbili zilizoshindana vikali, na ushindani wao ukaufanya mji ule ulio chini ya Milima ya Uluguru ujulikane hadi Nairobi na Mombasa. Cuban Marimba ilikuwa bendi ya Salum Abdallah. Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikuja kujulikana zaidi kwa jina la kijana mmoja aliyezaliwa mwaka huohuo, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Wote wawili walikufa kwa ajali ya barabarani. Salum aliondoka mwaka 1965, hajafika miaka 40. Mbaraka alifia Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34.

Kila habari zao zinapotajwa, mtu hatakosa kusema: laiti wangeishi. Nami huitikia, kwa sababu inauma. Lakini nimeanza kuliogopa hilo neno "laiti". Tukishalitamka tunaanza kuzililia nyimbo ambazo hazikutungwa, na zile zilizotungwa, ambazo tunazo, tunazisikiliza nusunusu, kana kwamba zilikuwa mazoezi ya kazi kubwa iliyokuwa inakuja. Kazi kubwa ilikwisha kufanyika. Mbaraka aliingia Morogoro Jazz mwaka 1965, mwaka uleule Salum alipozikwa. Kati ya hapo na ajali ya Mombasa ni takribani miaka 14, na ndani yake alifikisha ufundi wa gitaa la solo mahali ambapo wapigaji wengi wa umri mrefu hawakufika.

Ili kuuona ufundi huo inafaa kuanza na santuri zenyewe. Salum Abdallah alirekodi zama za santuri za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zikitolewa na lebo ya Mzuri ya Mombasa. Upande mmoja ulibeba takribani dakika tatu. Ndani ya dakika hizo alitakiwa kuweka utangulizi, beti, kiitikio, na nafasi ya vyombo kujionyesha, kisha afunge. Alikuwa bingwa wa ufupi huo. Nyimbo zake hazina hata pigo moja la kupoteza.

Mbaraka alikuta santuri ndogo za mizunguko 45, na nyimbo nyingi za wakati huo zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Msikilizaji alilazimika kunyanyuka na kuigeuza. Mtunzi asiye hodari angeutumia upande wa pili kurudia aliyokwisha kuyasema. Mbaraka aliugeuza kuwa uwanja. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: kisa, malalamiko, pole, nasaha. Upande wa pili maneno yalipungua, wimbo ukachemka, na solo likashika usukani.

Namna anavyolishika solo ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Katika muziki wa dansi gitaa zito linaweka msingi, rithim inashika mwendo, gitaa la kati linajaza mapengo, na solo linapita juu ya yote. Kwa kuwa linapita juu, mpigaji hushawishika kukimbia, aonyeshe kasi ya vidole. Mbaraka hakimbii. Anachukua kipande kifupi cha sauti chache, anakirudia mpaka mwili wako umekizoea, kisha anabadilisha sauti moja tu. Hapo hapo wimbo unafunguka upya. Anarudia tena, anabadilisha tena. Anayecheza hachoki, kwani kila anapodhani ameuelewa mwendo, mwendo umesogea kidogo. Hiyo ni subira, na subira kwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa anapigiwa makofi kila jukwaa si jambo dogo.

Halafu kumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaimba. Kutunga, kuimba na kupiga solo ni kazi tatu, na bendi nyingi zilizigawa kwa watu watatu. Mbaraka alizibeba zote. Nadhani ndiyo maana solo lake halipigani na maneno. Anapoimba, gitaa linanyamaza au linadokeza jibu fupi mwishoni mwa mstari. Akishamaliza ubeti, linasema kwa kirefu yale ambayo sauti imeyaacha. Sikiliza "Shida". Ni wimbo wa mtu aliyebanwa na maisha, lakini sauti haijiangushi chini ili ihurumiwe, na magitaa hayakubali kulia. Yanatembea. Mwenye shida zake alipoinuka kuucheza hakuona haya.

Aliweza pia kuwa mwandishi wa habari wa taifa. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekwenda Japani na bendi yake kwenye maonyesho ya Expo '70 ya Osaka. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, na mtindo wake ukawa Masika. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo kazi ilimvuta Kenya mara kwa mara. Hata mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, nyimbo zake ziliendelea kupigwa pande zote mbili. Alikuwa Kenya mauti yalipomkuta.

Tulichokosa kwa kifo chake nakifikiria hivi: tulimkosa mwalimu. Ufundi wa solo haukuandikwa kwenye kitabu. Ulipokewa mazoezini, kijana akikaa karibu na mpigaji, akitazama vidole, akirekebishwa. Mpigaji anayefika miaka 60 huacha wanafunzi wa rika mbili au tatu. Mbaraka aliacha santuri na kanda za Radio Tanzania, na vijana wanaotaka kujifunza kwake hawana budi kujifunza kwa sikio.

Ndipo naona uchungu na baadhi ya vipindi vya zilipendwa. Wimbo unapigwa, beti zinakwisha, na papo hapo magitaa yanapoanza kuchemka mtangazaji anaingia na salamu, au wimbo unafifishwa ili upishe tangazo. Mnaoshika mitambo, nawaomba: mkimpiga Mbaraka, muacheni afike mwisho. Nawe unayesikiliza nyumbani, usiutoe wimbo maneno yanapokwisha. Solo liko baada ya hapo.