Shujaa Asiyeruhusiwa Kuzeeka: Uhakiki wa Toleo la 1000 la Action Comics

Mwaka 1962, Umberto Eco alidai kwamba Superman amefungwa katika wakati usiosonga: kila kisa kinapokwisha, shujaa hurudi alipoanzia, kwani hata kuoa kungekuwa hatua ya kukikaribia kifo. Toleo la 1000 la Action Comics, lililotoka Aprili 2018, miaka 80 baada ya Jerry Siegel na Joe Shuster kumtambulisha shujaa huyo, linaitia hoja hiyo majaribuni.

Hadithi mbili zinakaribia kuitangua. Peter Tomasi na Patrick Gleason wanaipa kila picha ukurasa mzima. Superman anazipitia enzi zake zote, kisha anafika nyumbani kuadhimisha siku ya kuzaliwa pamoja na mkewe na mwanawe. Mwenye mwana ana jana na kesho. Tom King anakwenda mbali zaidi: jua linakaribia kuimeza dunia, na shujaa analizuru kaburi la wazazi waliomlea ili kuwaaga. Uzito wa hadithi hii umo katika kile ambacho nguvu zake haziwezi kukiokoa.

Hata hivyo, toleo halikomei hapo. Hadithi ya mwisho, ya Brian Michael Bendis na Jim Lee, inamleta adui mpya na kukatika katikati ya pambano, ili msomaji anunue mfululizo unaofuata. Wasanii wamethubutu kumzeesha shujaa. Soko ndilo linalomnyima uzee.