Kabla Hujakodi Mashua Palma: Mwongozo wa Kukagua Chombo

Mashua ikaguliwe ikiwa imelala mchangani, maji yamepwa, mzigo haujapakiwa na mwenye mali yuko karibu. Ikishaelea, kila mashua hupendeza. Rangi inang'aa, tanga limejaa upepo, na sehemu itakayoamua kama utafika salama imezama usipoweza kuiona. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia mlango wa Ruvuma kupitia Kionga, Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Kirimba, bahari yenyewe humsaidia anayekodi. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na pale Palma ufuko hubaki wazi mbali sana, vyombo vimelala ubavu mmoja mmoja. Hapo unapata saa kadhaa za kukizunguka chombo kwa miguu yako mwenyewe. Zitumie zote.

Nasisitiza hivyo kwa sababu watu wengi wa huku hawana njia nyingine ya kusafiri. Tangu vita vya waasi vilipoanza Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017, barabara ya N380 inayopita Macomia imekuwa ya wasiwasi, na mara nyingi magari yamelazimika kwenda kwa msafara wa askari. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, watu kwa maelfu walikimbilia mji wa Pemba kwa njia ya bahari, wengi wakishukia ufuko wa Paquitequete. Kabla ya hapo kimbunga Kenneth cha tarehe 25 Aprili 2019 kilikuwa kimeshavunja vyombo katika visiwa vya Ibo na Matemo. Kwa hiyo leo ufukweni utakuta vyombo vya kila hali: vya zamani vilivyotunzwa vizuri, vilivyozibwa harakaharaka ili virudi kazini, na vipya vilivyoundwa kwa mbao mbichi. Kwa macho ya mbali vyote vinafanana.

Kwanza jua unataka chombo gani. Mtumbwi na ngalawa ni vya kuvulia karibu na miamba, wala si vya kubebea familia na magunia. Dau linafaa safari fupi ndani ya ghuba. Anayekwenda kisiwa cha Vamizi, au anayetoka Palma kwenda Mocímboa na mizigo, atafute mashua yenye ubavu wa kutosha. Jahazi kubwa ni la mfanyabiashara mwenye shehena, na linahitaji mabaharia wengi. Usikodi kikubwa kuliko haja yako kwa kudhani ukubwa ndio usalama. Chombo kikubwa kisicho na mzigo wala farumi ya kutosha hupepesuka kikipigwa na upepo wa ubavuni.

Sasa tuje kwenye kiwiliwili, ambako ndiko kwenye kazi.

Anza nyuma. Simama hatua kumi kutoka kwenye tezi, utazame mbele kwa jicho moja, ukiifuata mbao ya juu ya kila upande mpaka inapokutana na fashini ya mbele. Mafundi wa pwani hii huunda chombo bila mchoro, kwa kamba, tezo na jicho, na fundi mzuri huonekana hapa: mbao za kulia na za kushoto zinafika kwenye fashini kwa kimo kimoja, na mkunjo wa ubavu mmoja haukuzidi wa pili. Chombo kilichopinda hakitanyooka hata kikipewa nahodha hodari. Kitavuta upande mmoja safari nzima, na mshika usukani atachoka kabla ya jua kuchwa.

Kisha piga magoti kwenye mkuku. Mbao ya kwanza, ile inayoshikana na mkuku, ndiyo inayobeba mateso yote, maana hukaa majini muda mrefu zaidi na husuguliwa na mchanga kila maji yanapopwa. Igonge kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa kisu, ukienda taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Mbao nzima hulia. Iliyooza au iliyotobolewa na wadudu wa baharini hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Sauti ikibadilika, rudi hapo, chokoa kwa ncha ya kisu. Ikiingia bila kusukumwa, ondoka. Usikubali kuambiwa kwamba ni juujuu tu, kwa kuwa mdudu wa baharini huingia kwa tundu dogo sana na kula ndani, na anayetazama nje haoni kitu.

Baada ya mbao, tazama ufa kati ya mbao na mbao. Ukalafati ndio sahihi ya fundi. Kalafati nzuri ni ya pamba iliyosokotwa, ikaloweshwa mafuta, kisha ikashindiliwa kwa patasi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ufa ukashiba. Ukiibonyeza kwa ukucha ni ngumu, haitoki wala haibonyei, na mstari wake ni mmoja bila mafundo. Kalafati mbaya hujitangaza yenyewe: kitambaa kimechomoza, kipande cha mfuko wa plastiki kimesokomezwa ufani, au saruji na lami vimepakwa juu ili kufunika. Saruji ndiyo naichukia kuliko vyote. Mbao hutanuka na kusinyaa, saruji haifuati, na siku mawimbi yakikipinda chombo inabanduka kwa kipande kizima, ufa unabaki wazi katikati ya bahari.

Misumari nayo ina habari zake. Fundi mwangalifu hutoboa kwanza kwa keekee ili mbao isipasuke, na huuzungushia msumari pamba yenye mafuta chini ya kichwa ili maji yasipenye. Tafuta michirizi ya kutu inayoteremka kutoka kwenye vichwa vya misumari. Mmoja au miwili si neno. Ikiwa mstari mzima unachuruzika, basi chuma kimekwisha ndani, na mbao zinashikiliwa na mazoea tu.

Usisahau kuuliza kuhusu moto. Vyombo vyetu hulazwa ubavu, vikapitishiwa moto wa makuti makavu chini ya tumbo ili kuua wadudu, kisha vikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mwenye chombo mwangalifu atakuambia mara moja ni lini alichoma mara ya mwisho, na ukipitisha kiganja chini ya tumbo utaona weusi wa moto na utelezi wa mafuta. Anayeanza kuhesabu kwa vidole na kumtazama mwenzake amekujibu. Kwa kipimo hiki chombo cha miaka 20 kinaweza kukishinda cha miaka miwili. Umri wa mashua haunishughulishi hata kidogo. Utunzaji wake ndio ninaoulipia.

Ingia ndani. Shika mataruma, zile mbavu za chombo, moja moja, uyatikise. Mengi ya pwani hii ni ya mikoko, na mlilana unapendwa kwa kuwa matawi yake yana mapindo ya asili yanayofuata umbo la chombo. Taruma lililochongwa kutoka kwenye tawi lililopinda lenyewe lina nguvu. Lililokatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao ulionyooka litapasuka pale nyuzi zake zilipokatika. Tazama mwashiri, ubao ule wa chini unaopokea kitako cha mlingoti. Ukiona tundu lake limepanuka na kujazwa vipande vya vijiti, jua mlingoti unacheza, na mlingoti unaocheza hukipasua chombo kutoka ndani. Halafu inama kwenye ngama, pale chini maji yanapokusanyika, unuse. Harufu ya chumvi, samaki na mafuta ni ya kawaida. Harufu ya uozo, kama ya majani yaliyolala kisimani, ina maana kuna maji yasiyotoka na mbao inayokufa mahali usipopaona.

Kila mashua ya mbao huvuja. Atakayekuambia yake haivuji anakudanganya, na mtu anayedanganya kabla ya malipo hafai. Swali ni kiasi. Subiri maji yarudi, chombo kielee, ukae humo kwa saa nzima kimetia nanga. Pima kina cha ngama kwa vidole mwanzoni na mwishoni. Chombo kilichokaa juani siku nyingi kitavuja zaidi siku ya kwanza mpaka mbao zivimbe, kwa hiyo kipe nafasi hadi kesho yake. Maji yanayotoka jasho kwenye ufa yanavumilika. Yanayobubujika hayavumiliki. Na mwangalie baharia mdogo: ikiwa hauweki chini upo wa kuchotea maji tangu asubuhi, hukuhitaji kupima.

Tanga ni jambo jepesi zaidi kwa sababu linabadilishika. La marudufu hudumu na kushonwa upya. La turubai la plastiki ni rahisi, lakini jua hulila, na likianza kupasuka halisimami. Kagua dasi, ile kamba iliyoshonwa kuzunguka ukingo, maana ikiachia hapo tanga zima huenda na upepo. Foromali, mti unaobeba tanga, ikiwa imeungwa kwa vipande viwili, tazama mafungo yake yamekazwa vipi. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ivutwe mbele yako mpaka tanga lifike juu, ishuke, ipande tena. Kamba inayokwama ufukweni itakwama pia siku ya tufani, wakati tanga linatakiwa lishuke upesi.

Kuhusu injini sina maneno mengi. Yamaha ndogo ya kubandika ndiyo utakayoikuta zaidi, na vipuri vyake ndivyo rahisi kupatikana. Iwashwe ikiwa baridi, mbele yako, na uhakikishe maji ya kupozea yanaruka nje kwa nguvu. Dai plagi za akiba na kamba ya akiba ya kuvutia. Mashua ya injini isiyo na tanga wala makasia usiikodi.

Katika makubaliano, kumbuka unakodi vitu viwili: chombo na nahodha. Mara nyingi mwenye mashua si nahodha, hivyo zungumza na wote wawili wakiwa pamoja. Semeni wazi kama bei ni ya safari au ya siku, nani analipa petroli, nani analisha mabaharia, na itakuwaje upepo ukikatika au mkapwelewa njiani mkalala kisiwani. Andikeni kwenye karatasi kiasi cha metikali, tarehe na majina ya abiria, mbele ya shahidi anayejulikana mtaani. Toa nusu, nusu nyingine ikilipwa mkifika. Hakikisha jina na namba ya chombo viko ubavuni na vinafanana na vilivyo kwenye karatasi zake, na kwamba mmeruhusiwa kupita mnakotaka kupita. Hali ya usalama hubadilika, na ruhusa ya juzi huenda imefutwa. Ukienda Mtwara, Tanzania, unavuka mpaka wa nchi, japo lugha ni ileile ng'ambo zote mbili, na uhamiaji watataka kuona pasi yako.

Nahodha ana mtihani wake mmoja ninaouamini. Muulize: kutoka Palma kwenda Mtwara na kurudi, wakati wa kusi, itachukua muda gani kila upande? Mkondo mkuu unaotoka mashariki ya bahari hufika bara karibu na Rasi ya Delgado, ukagawanyika, na sehemu ya kaskazini huelekea Mtwara mwaka mzima. Kusi nayo husukuma huko huko. Kwenda ni rahisi. Kurudi ni kubisha dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja. Nahodha mjuzi atacheka kidogo, atakuambia kurudi kutategemea umande wa alfajiri na kutambaa karibu na nchi, labda na kusubiri. Anayekutajia muda mmoja kwa pande zote mbili, mshukuru na umwache. Muulize pia kuhusu mlango wa Ruvuma, ambako mafungu ya mchanga huhama na mawimbi huvunjika, ujue anapita nje kwa umbali gani. Wakati wa kaskazi, na mpaka Aprili, asikilize taarifa za vimbunga kabla ya kung'oa nanga. Akikuambia siku si njema, usimshurutishe kwa pesa.

Vifaa visiwe vya kuombaomba. Nanga mbili, mojawapo na amari ndefu, kwa kuwa ukingo wa matumbawe hushuka ghafla. Pondo la kusukumia kwenye vijito vya mikoko. Upo mbili na ndoo. Patasi, nyundo, pamba, misumari, kipande cha bati na cha mpira wa tairi, ambavyo kwa pamoja huziba tundu la dharura kwa dakika chache. Dira, tochi zenye betri mpya, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, ingawa mtandao hupotea ukishatoka nje. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, na ya siku moja zaidi. Turubai la kivuli, maana jua la bahari huwaangusha watoto kabla ya njaa.

Na majaketi ya kuokolea, moja kwa kila kichwa, watoto wapate ya kimo chao. Yavaeni tangu ufukweni. Mwishoni mwa Oktoba 2020 boti iliyowabeba watu waliokimbia mapigano ilizama kati ya Ibo na Matemo, na makumi ya watu wakafa. Wale hawakuwa na nafasi ya kuchagua chombo wala kuhesabu abiria. Wewe unayekodi kwa amani unayo. Basi hesabu watu, hesabu majaketi, na hesabu zisipolingana, kodi chombo cha pili au wengine wasubiri maji ya kesho.