Pindua Sahani Kwanza

Mnunuzi mgeni hutazama maua. Mjuzi huipindua sahani na kuchunguza kitako, maana uso ulipambwa ili uuze, na mwigaji wa leo naye huutilia bidii zake zote.

Sehemu kubwa ya kauri ambayo meli za Waholanzi na Waingereza zilibeba kwenda Ulaya katika karne ya 18 ilitoka kwenye matanuru ya Jingdezhen, mkoani Jiangxi. Duara ambalo sahani ya aina hiyo hukalia halikupakwa utando wa kioo. Ukilipitishia kidole utasikia udongo mkavu, na pale utando unapoishia mara nyingi pana mstari wa rangi ya kutu: chuma kilichokuwemo udongoni kiliungua tanuruni. Punje za mchanga zilizonata na vitundu kama vya sindano visimkimbize mtu. Cha kutilia shaka ni kitako cheupe pe, au kilichopakwa maji ya kahawia ili kizeeke kwa siku moja. Rangi ya kupaka hutanda sawasawa. Kutu halisi haina nidhamu hiyo.

Wengi hukimbilia muhuri, na hapo ndipo wanaponaswa. Vyombo vya kuuzwa nje kwa kawaida havikuandikwa jina la mfalme, kwa hiyo muhuri wa mfalme Qianlong chini ya sahani yenye nembo ya ukoo wa Kiingereza unaongeza maswali tu. Neno “China” kwa herufi za Kilatini huashiria chombo kilichotengenezwa baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa itaje nchi ilikotoka.

Si kila nakala ni ya jana. Kiwanda cha Samson cha Paris, kilichoanzishwa 1845, kiliiga sahani za nembo kwa ustadi kiasi kwamba hata leo kazi zake zina wakusanyaji wake. Nyingine hufichuliwa na kioo cha kukuzia: picha iliyochapwa kwa mashine huonekana kama vidoa vilivyojipanga, ilhali brashi huacha mahali pazito na mahali pepesi.

Halafu mikwaruzo. Visu na uma huchora huku na huko. Msasa wa mwigaji huchora upande mmoja. Lakini sahani isiyo na mkwaruzo isihukumiwe haraka. Geldermalsen, meli ya Kiholanzi, ilizama 1752, na shehena yake ikaopolewa 1985: zaidi ya vyombo 100,000 ambavyo havikuwahi kuona meza, vikanadiwa Amsterdam mwaka uliofuata.

Msomaji wa pwani ana shule karibu. Jumba la makumbusho la Fort Jesus, Mombasa, lina vipande vya kauri ya Kichina, vingine vya kale kuliko biashara hiyo ya Ulaya. Kipande kilichovunjika huonyesha kile ambacho sahani nzima huficha: unene wa udongo na jinsi utando ulivyoushika. Kavitazame kabla hujafungua pochi.